"Mwalimu, hukuniuliza mimi ni nani"

Kufundisha watoto juu ya ukimbizi na uhamaji kwa masimulizi ya wale waliohama

(Hotuba ya mwalimu wa darasa la 6 mbele ya wazazi, viongozi wa kambi na wakubwa wa vijiji vya kando ya ziwa, Fizi, Kivu ya Kusini. Tunaitoa hapa ili isomwe na kuzungumzwa katika vikundi.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja, yaani namna ya kufundisha watoto wetu shuleni juu ya watu wanaohama na kukimbia, kwa kutumia masimulizi ya maisha ya watu wenyewe. Sikuja hapa kama mtaalamu. Nimekuja kama mwalimu aliyekosea kwanza, kisha akafundishwa na mama mmoja mkimbizi. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu.

Siku niliyomwita mama darasani

Katika darasa langu kulikuwa watoto wa namna nne. Kulikuwa watoto wa wenyeji. Kulikuwa watoto ambao wazazi wao walikaa Tanzania miaka mingi wakarudi. Kulikuwa watoto wa wakimbizi wa Burundi, ambao familia zao zilivuka tangu 2015 na kupelekwa Lusenda, na baadaye wengine Mulongwe. Na kulikuwa watoto walioteremka kutoka milima ya juu kwa sababu ya vita. Hao hawakuvuka mpaka wowote, lakini nyumba hawana.

Darasani waliketi pamoja kwa sababu benchi ni chache. Wakati wa mapumziko kila mmoja alikwenda kwa wake. Mtoto wa kambini akikosa kalamu, wenzake walimwambia, "Kaombe HCR." Mtoto wa mwenyeji akipita karibu na kambi, naye alitupiwa maneno. Nilisikia hayo yote, na nilifikiri dawa ni rahisi: wakisikia mateso ya wenzao, watawahurumia.

Basi nikamwendea mama mmoja Mrundi, mjane, ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa darasani kwangu. Nikamwomba aje kesho yake awaeleze watoto. Hakukataa, kwa maana kumkatalia mwalimu wa mtoto wako ni vigumu. Nikamsimamisha mbele ya ubao, nikasema, "Huyu ni mkimbizi. Atawaambia mabaya aliyoyaona."

Akaanza kueleza usiku ule waliokimbia. Hakufika mbali. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, wewe ni kabila gani?" Mwingine akauliza, "Ni nani aliyeua?" Sikuwazuia. Niliona kwamba ni maswali ya historia. Mama akanyamaza, akajifunika uso kwa kitenge chake, akalia. Mtoto wake aliketi benchi ya tatu. Aliangalia chini mpaka kengele ikalia.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, kijana mmoja akachukua kitambaa, akajifunika uso, akaiga kilio cha yule mama. Wengine wakacheka. Mtoto wake akamrukia, akampasua mdomo. Wote wawili walifukuzwa siku tatu. Mmoja akarudi. Yule wa kambini hakurudi. Kwa wiki tano mahali pake palikuwa wazi.

Na shauri halikuishia hapo. Baba wa yule aliyeumia alikwenda kambini jioni pamoja na ndugu zake, na hawakwenda mikono mitupu. Kama mkubwa wa kijiji na kiongozi mmoja wa kambi hawangekutana nao njiani na kuwaketisha chini, labda tungezika mtu. Na moto ule niliuwasha mimi, kwa somo la huruma.

Alichonifundisha yule mama

Nilikwenda kuomba msamaha. Nilimkuta akipika sabuni ya mawese katika kikebe kikubwa nje ya nyumba yake ya shitingi. Aliniacha nisimame kidogo, kisha akanipa kiti. Nikasema yangu. Akakoroga sabuni yake, akasema, "Mwalimu, uliniita niseme kilichonipata. Hukuniuliza mimi ni nani."

Halafu akaniambia yeye ni nani. Alizaliwa upande wa Rumonge, penye michikichi mingi. Babu yake alikamua mawese, baba yake alikamua mawese, na yeye alijua sabuni tangu utoto. Alikuwa mtunza sanduku wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, na hakuna franka iliyopotea mikononi mwake. Aliimba sauti ya kwanza kanisani. Alipenda sana soko la asubuhi.

"Usiku ule," akasema, "nimeueleza kwa watu wa kuandikisha. Nimeueleza kwa watu wa chakula. Nimeueleza kwa waliokuja na kamera. Nimeueleza mpaka umekuwa kama karatasi ya kadi, naikunjua, naionyesha, naikunja tena. Nilifikiri shuleni ni pahali pengine."

Wandugu, mliokimbia mnajua anachosema. Kuna ushuhuda tunaoutoa ili tupewe kadi, shitingi, au chakula. Ushuhuda huo una kazi yake, na si vibaya kuutoa. Lakini unaanza siku ya balaa na kuishia kwenye foleni. Mtu aliyekuwa mkulima, mshonaji, fundi wa baiskeli au mkunga, ndani ya ushuhuda huo anakuwa kitu kimoja tu: mtu aliyepatwa. Mtoto wa mwenyeji akisikia huo peke yake, anajifunza kwamba mkimbizi ni mtu wa kuhurumiwa. Na mtu wa kuhurumiwa, siku chakula kinapopungua, anageuka kuwa mtu wa kuchukiwa.

Masimulizi ya maisha ni jambo lingine. Yanaanza kabla ya balaa na yanaendelea baada ya balaa. Ndani yake mna kazi, mapenzi, makosa, vicheko, deni na mipango. Balaa limo, lakini halikai peke yake.

Mwalimu aanze na yake

Yule mama akaniuliza swali lingine. "Na wewe, mwalimu, hukuhama kamwe?"

Hapo sikuwa na la kujibu. Miaka yote niliyofundisha, sikuwaambia wanafunzi kwamba mimi mwenyewe nilikulia kambini. Vita vilipoanza huku mwaka 1996, nilikuwa na miaka tisa. Tulivuka ziwa kwa boti usiku, tukafika Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu. Nilisoma chini ya shitingi. Nilirudi 2006, baada ya HCR kuanza, mwaka 2005, kurudisha watu wa Fizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Tulipofika, shamba la baba lilikuwa likilimwa na watu wengine, na hao nao walikuwa wamekimbia kwao. Shauri hilo lilichukua miaka.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu neno "mkimbizi" linauma, na nilipopata kazi nilitaka kulisahau. Wengi waliorudi wako kama mimi. Watoto wetu wanawacheka Warundi wa kambini, na hawajui kwamba baba zao walikula posho ileile, wakapanga foleni ileile, ng'ambo ya ziwa hilihili.

Basi nilianza na yangu. Siku hiyo sikuandika kitu ubaoni. Niliketi mbele ya watoto, nikawaeleza habari ya mpira tulioufuma kwa nailoni za kambini, habari ya mwalimu aliyetufundisha kuandika mchangani daftari zilipokwisha, na habari ya mama mmoja wa Kigoma aliyetupa ndagala bila kutuuliza majina. Darasa lilikuwa kimya. Halafu mtoto wa mwenyeji, mmoja wa wale waliocheka, akasema polepole, "Mwalimu, hata baba yangu alikaa Nyarugusu." Mwingine akasema, "Na bibi yangu amezikwa huko."

Kila ukoo una mtumbwi wake

Tangu hapo, swali la kwanza tunalowapa watoto si "Mkimbizi ni nani?" Tunawapa hili wakaulize nyumbani: "Katika ukoo wetu, nani alihama kwanza, na nani alimpokea?"

Majibu yakija, tunayapanga kwa miaka. Na hapo watoto wanashangaa kuona kwamba maji haya hayakuwahi kupitisha watu upande mmoja tu.

Mwaka 1964 na 1965, wakati wa uasi na vita vyake, watu wa Uvira na Fizi walikimbilia Burundi na Kigoma. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, Warundi walikimbilia kwetu na Tanzania. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, walikuja tena. Mwaka 1996, sisi tulivuka kwenda Tanzania, na mwaka 1998 vita vya pili vilifukuza wengine. Mwaka 2015 Warundi walivuka tena kuja Fizi. Na Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, Wakongomani kwa maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, watu walivuka tena.

Mtoto akiyaona hayo yameandikwa katika mstari mmoja, hana haja ya mahubiri marefu. Anajionea kwamba aliyepokea jana anapokelewa leo.

Mzee mmoja mvuvi wa kijiji chetu alikuja kuwaeleza habari ya 1965. Alikuwa mtoto mdogo. Alipokelewa Ujiji, katika nyumba ya Wamanyema, watu ambao babu zao nao walitoka upande huu wa Congo zamani za misafara. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2015, yeye huyo alikuwa na mtumbwi wake ziwani usiku, akavua karabai yake na kuizima ili asionekane, akabeba watu waliokuwa wakitoka Burundi. Mtoto mmoja akamuuliza, "Ulidai pesa ngapi?" Mzee akacheka, akasema, "Wa kwanza niliwadai. Wa pili nilikumbuka Ujiji." Watoto walipenda jibu hilo kwa sababu halikumfanya kuwa malaika.

Pia tunawaonyesha kwamba si watu tu wanaohama. Muhogo tunaokula ulitoka Amerika, ukafika Afrika kwa meli za Wareno. Mahindi vilevile. Kiswahili hiki ninachosema nacho kilikuja huku pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani na Tabora katika karne ya 19. Leo hakuna anayeuambia muhogo urudi kwao.

Namna tunavyofanya sasa

Tangu kosa lile tumejiwekea desturi, na nitazieleza ili walimu na viongozi wengine waweze kuzitumia.

Kwanza, mwalimu anakwenda nyumbani kwa msimuliaji si chini ya mara mbili. Mara ya kwanza ni kusalimia na kueleza tunachotaka. Mara ya pili ni kusikia jibu. Kati ya siku hizo mbili mtu ana nafasi ya kufikiri, kuuliza watu wake, na kukataa. Anayekataa hatuulizi sababu. Na kama ana mtoto darasani, mtoto naye anaulizwa kando. Mtoto akisema hapana, ni hapana.

Pili, msimuliaji mwenyewe anachagua atakachosema na atakachoacha. Tunamwomba agawanye masimulizi katika sehemu tatu: maisha ya kwao kabla ya kuhama, njia, na maisha ya sasa. Tunamwomba sehemu ya kwanza iwe ndefu kupita nyingine. Wengi wanashangaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza walipanda nini au waliimba nini.

Tatu, msimuliaji analeta kitu kimoja mkononi. Yule mama wa Rumonge aliporudi darasani, na alirudi baada ya kufikiri miezi miwili, alileta kipande cha sabuni. Baba mmoja kutoka milima ya juu alileta fimbo ya kuchungia ng'ombe. Ng'ombe hana tena, fimbo imebaki. Mama mmoja alileta ufunguo wa nyumba ambayo hajui kama ingalipo. Mbele ya kitu kama hicho watoto wanauliza maswali mazuri: kinatumikaje, nani alikitengeneza, kwa nini ulikibeba hicho na si kingine.

Nne, watoto wanaandika maswali yao siku moja kabla. Mwalimu anayasoma. Kuna maswali matatu ambayo hayaulizwi: kabila la mtu, nani aliua, na mambo yaliyofanyiwa mwili wa mtu. Tunawaeleza kwa nini. Hatuwaambii kwamba mambo hayo hayakutokea. Tunawaambia kwamba yana pahali pake, kwa waganga, kwa waamuzi wa sheria na kwa wazee, wala pahali pake si darasani.

Tano, baada ya siku hiyo watoto wanaandika walichosikia, na karatasi zinapelekwa kwa msimuliaji. Asiyejua kusoma anasomewa. Anasahihisha. Yule mzee mvuvi alisahihisha mara tatu, kwa sababu watoto walimwandika kuwa shujaa. Karatasi zikisha kusahihishwa zinabaki kwake. Hakuna picha, na hakuna jina la kijiji ambalo linaweza kumletea mtu hatari huko alikotoka.

Sita, masimulizi hayaji peke yake. Katika robo moja ya mwaka tunasikia watu watatu: mmoja aliyekimbia, mmoja aliyerudi, na mmoja mwenyeji aliyepokea. Mwenyeji naye ana yake ya kusema. Aliona shamba lake likigawanywa, kuni zikiisha, bei ya unga ikipanda sokoni. Tukimnyamazisha, maneno yake yatasemwa usiku kwa njia nyingine.

Hatari tusizozificha

Wandugu, masimulizi ni kama moto wa kupikia. Yanaivisha, na yanaunguza.

Katika nchi hii watu wengi wameuana kwa sababu ya masimulizi: sisi tulikuja kwanza, ninyi mlikuja nyuma, babu zenu waliwatesa babu zetu. Hayo nayo ni masimulizi ya uhamaji, na watoto wanayasikia nyumbani kila jioni. Tofauti ni hii. Masimulizi ya chuki yanasema juu ya "wao" wote kwa pamoja, na mwenye kuyasema mara nyingi hakuyaona. Masimulizi ya maisha yanasema juu ya mtu mmoja, na mwenye kuyasema ni yeye aliyeyaishi. Kwa hiyo darasani tuna sheria moja: sema "mimi" au sema "sisi wa nyumba yetu". Atakayesema "Wabembe wote", "Wafuliru wote", "Banyamulenge wote" au "Warundi wote" anasimamishwa kwa upole na kuombwa aanze tena.

Hatari nyingine ni mtoto anayekumbuka yake. Mara mbili nimeona mtoto akitetemeka wakati mwingine anasimulia. Siku hizi tunakaa na mtu mzima mmoja karibu na mlango, mtu ambaye watoto wanamwamini, ili atoke na mtoto huyo, amnyweshe maji, akae naye. Somo linaweza kungoja.

Hatari ya tatu ni kuahidi. Msimuliaji akidhani kwamba akisema vizuri atapata msaada, au jina lake litapelekwa kwa wale wa kwenda Ulaya au Marekani, amedanganywa. Tunamwambia wazi mara ya kwanza: hapa hakuna kadi. Kuna kambi ambako watu walifanyiwa mahojiano mengi kwa ajili ya safari ya Marekani, kisha Januari 2025 nchi hiyo ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zikabaki na mizigo iliyofungwa. Watu wa namna hiyo wamechoka kuulizwa. Tuwaheshimu.

Je, watoto wanajifunza kitu?

Wazazi wengine wameniuliza, "Mwalimu, mtihani utauliza habari ya sabuni?" Ni swali la haki, na ninalijibu.

Jiografia: watoto wanachora ziwa Tanganyika ardhini, na nchi zake nne, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Wanapanga mawe mahali pa Baraka, Uvira, Rumonge, Kigoma. Aliyechora njia ya mzee kwenda Ujiji hawezi kusahau Ujiji iko wapi.

Historia: miaka niliyoitaja, wanaijua bila kuikariri.

Hesabu: yule mama aliwaeleza bei ya mawese, bei ya soda ya kupikia sabuni, vipande vinavyotoka, na faida. Mtoto wake, ndiyo, yule wa benchi ya tatu, alisimama ubaoni akasahihisha hesabu ya mwenzake. Alikuwa amerudi.

Elimu ya uraia: wanajifunza kutofautisha maneno. Aliyevuka mpaka kwa kukimbia ni mkimbizi, na analindwa na mapatano ya Geneva ya 1951 na yale ya Umoja wa nchi za Afrika ya 1969, ambayo yanasema pia kwamba hakuna mkimbizi anayerudishwa kwao kwa nguvu. Aliyekimbia bila kuvuka mpaka, kama watu wa milima ya juu, ni mhamishwa wa ndani. Yeye anabaki raia mwenye haki zote za raia, na kwa ajili yake nchi za Afrika zilifanya mapatano ya Kampala mwaka 2009. Aliyeondoka kutafuta kazi ni mhamiaji. Mtoto akiisha kuwasikia watu watatu, maneno hayo yana uso.

Ninaloomba kwenu

Kwenu viongozi wa kambi: msituletee kila mara mtu yuleyule anayesema vizuri. Tuleteeni fundi, mchungaji wa ng'ombe, mama wa sokoni, hata yule asiyejua Kiswahili sana. Na msimlazimishe mtu.

Kwenu wakubwa wa vijiji: siku mzee wenu anaposimulia shuleni, njooni mketi nyuma. Mtoto akiona mkubwa wa kijiji anasikiliza mkimbizi, amejifunza kabla mtu hajafungua kinywa.

Kwenu baba na mama mliokimbia: waelezeni watoto wenu maisha ya kwenu. Wengi wamezaliwa kambini na wanadhani asili yao ni shitingi. Waambieni jina la kijito, jina la mlima, mlilima nini, mlicheka nini. Hilo halihitaji mwalimu.

Kwenu wenyeji, na hasa ninyi mliorudi kama mimi: tuseme. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wengi wanalitaka jembe. Shamba ndilo hawana. Hatutaweza kuzungumza vizuri juu ya shamba kama tunaficha kwamba sisi nasi tuliwahi kulima udongo wa watu.

Sitawadanganya kwamba darasa langu sasa ni paradiso. Watoto bado wanagombana, kwa sababu ni watoto, na kwa sababu maisha ni magumu. Lakini wiki iliyopita nilisikia ugomvi nje ya dirisha, juu ya mpira. Wote wawili walikasirika kweli. Nikasimama ili nisikie watatukanana namna gani. Waliitana kwa majina yao.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika ukoo wako, nani alihama kwanza? Nani alimpokea?
2. Umewahi kueleza mateso yako kwa watu waliokuuliza? Walikuuliza pia maisha yako ya zamani?
3. Katika kijiji au kambi yenu, ni maneno gani watoto wanatupiana? Wameyasikia wapi?
4. Kama shule ingekuomba ulete kitu kimoja, ungeleta nini?
5. Ni nani ambaye masimulizi yake hayajasikiwa bado kwenu? Mtamwendeaje bila kumlazimisha?